Vyuo Kumi na Kimoja Vilivyofundisha Marais Kubishana

Ukitaka kuvuruga kijiwe cha kahawa, kiwe Kariakoo, Kibuli au Eastleigh, sema tu kwamba unakijua chuo kikuu bora, kisha ukitaje. Hakuna atakayekumbuka kukudai hela ya kahawa. Nami leo nimeamua kuvuruga vijiwe vyote kwa mpigo: vyuo kumi na kimoja vilivyolea viongozi, kutoka mkiani hadi kileleni.

Kipimo changu ni kimoja. Sihesabu marais, maana kupitisha marais hata uwanja wa ndege hupitisha. Naangalia kama chuo kilimpa kijana nafasi ya kusimama mbele ya mkubwa, kumpinga kwa hoja, na kubaki na msimamo wake hata kama ulimgharimu. Mwenye orodha yake ailete. Tuanze.

11. Oxford, Uingereza

Ndiyo, mkiani. Ulikitarajia kileleni, najua. Ndiyo maana nimekitanguliza, tumalizane nacho mapema. Kile kifurushi chao cha falsafa, siasa na uchumi walichokianzisha mwaka 1920 kimezalisha mawaziri wakuu wengi mno, na mtu akizaliwa karibu na ngazi hapewi medali kwa kuipanda. Hata hivyo nawavulia kofia kwa wanawake wawili. Margaret Thatcher alisoma kemia pale, akisimamiwa na Dorothy Hodgkin, ambaye mwaka 1964 alipata Tuzo ya Nobel. Na Benazir Bhutto aliongoza chama chao cha midahalo mwaka 1977, akarudi Pakistan na ulimi uliokwisha kunolewa. Ulimi huo ndio ulioipa Oxford nafasi hapa. Majengo peke yake yasingetosha.

10. Al-Azhar, Cairo

Msikiti wake ulianza kujengwa mwaka 970, kwa hiyo vyuo vyetu vyote vya Afrika Mashariki vikiamkia, hapa vinapiga goti. Maumoon Abdul Gayoom alisoma hapo, akarudi Maldives akawa rais kuanzia 1978 hadi 2008. Miaka thelathini! Hicho kiti bila shaka kilishamzoea.

Lakini ninayempenda ni Abdurrahman Wahid wa Indonesia. Alifika Cairo miaka ya sitini akakuta masomo mengi keshayasoma kwao kwenye madrasa za Java. Basi akashinda maktabani, sinema na kwenye mpira, kisha akahamia Baghdad kumalizia. Mwaka 1999 akawa rais wa nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote duniani. Kina mama wanaowagombeza watoto kwa kushinda kwenye mpira, huyu msimtaje nyumbani.

9. Chuo cha Patrice Lumumba, Moscow

Kilifunguliwa mwaka 1960 kwa ajili ya vijana wa Asia, Afrika na Amerika ya Kilatini. Mwaka uliofuata, baada ya Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, kuuawa, kikapewa jina lake. Wakalifuta mwaka 1992, wakalirudisha mwaka 2023. Mtu wa Kongo hakuachwa apumzike hata kwenye mlango wa chuo cha Warusi!

Sasa sikiliza. Lumumba mwenyewe hakusoma chuo kikuu chochote. Alikuwa karani wa posta pale Stanleyville, mji ambao leo ndio Kisangani, na baadaye akauza bia Léopoldville. Alisoma kwa kujitafutia vitabu, akaandika magazetini, na tarehe 30 Juni 1960, mbele ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, akasimama akasema yale ambayo hayakuwemo kwenye ratiba ya sherehe. Kwa hotuba ile moja alistahili uprofesa. Chuo kimempata Bharrat Jagdeo, aliyesomea uchumi hapo na kuwa rais wa Guyana, na wengine kadhaa, lakini hakijampata anayelifikia jina lililoko juu ya mlango wake.

8. Lincoln, Pennsylvania

Kabla Wamarekani weusi hawajafunguliwa milango kwingine, walikuwa na chuo hiki tangu 1854. Mwishoni mwa miaka ya ishirini walipita hapo Nnamdi Azikiwe wa Nigeria, mshairi Langston Hughes, na Thurgood Marshall ambaye baadaye alikuwa mtu mweusi wa kwanza kukalia kiti cha jaji katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Fikiria foleni ya chakula ile. Ungekuwemo, ungempisha nani?

Azikiwe alirudi Afrika Magharibi akahariri gazeti Accra, na kijana mmoja mwalimu, Kwame Nkrumah, akavutika kiasi cha kufunga safari ya kwenda kusoma kulekule alikosoma Azikiwe. Alifika mwaka 1935. Ada haikungoja: likizo aliosha vyombo kwenye meli, akauza samaki mtaani Harlem, Jumapili akahubiri makanisani. Akatoka na shahada, kisha shahada ya teolojia, kisha nyingine mbili kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Wanaosema harufu ya samaki haitoki mikononi maisha yote wakumbuke kwamba mikono ile ilipunga bendera ya Ghana mwaka 1957.

7. Coimbra na Lisbon, Ureno

Hapa nimeviweka viwili kwa sababu kisa ni kimoja, na ni kisa kitamu. António Salazar, dikteta aliyeng'ang'ania makoloni ya Ureno, alikuwa mwalimu wa uchumi Coimbra kabla ya kuingia serikalini. Halafu vijana wa Afrika wakaja kusoma Ureno hukohuko, serikali yake ikitaraji wakirudi wawe watumishi watiifu. Agostinho Neto wa Angola akaja kusomea udaktari, Coimbra kisha Lisbon. Alifungwa, akaachiwa, akafungwa tena, na bado mwaka 1958 akahitimu. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa ukoloni, na hakumwandikia dawa ya kumeza.

Amílcar Cabral akasomea kilimo Lisbon. Aliporudi Guinea-Bissau, koloni jingine la Ureno, serikali ikamtuma afanye sensa ya mazao. Akazunguka kijiji hadi kijiji mwaka 1953 akiandika nani analima nini, wapi, kwa eka ngapi. Alipoanzisha vita vya ukombozi alikuwa anaijua nchi ile shamba kwa shamba, kwa gharama ya serikali aliyokuwa anapigana nayo. Wanafunzi wenzake waliwahi kukutana Lisbon kwenye nyumba ya wanafunzi kutoka makoloni, wakaandika mashairi, wakabishana usiku. Polisi wa siri waliifunga nyumba hiyo mwaka 1965. Walichelewa sana.

Eduardo Mondlane wa Msumbiji naye alipitia Lisbon, ila hakukaa. Akaenda Marekani akachukua udaktari wa falsafa katika sosholojia. FRELIMO, harakati ya ukombozi aliyoiongoza, ilizaliwa Dar es Salaam Juni 1962, na ni Dar es Salaam hiyohiyo alikouawa kwa bomu lililofichwa kwenye kitabu, tarehe 3 Februari 1969. Kwa msomi, kuuawa kwa kitabu ni ukatili ambao hadi leo nikiufikiria unaniuma.

6. Nairobi

Haya, makomredi, tulizeni mawe. Mmo!

Rais William Ruto alisoma hapo botania na zuolojia, akarudi kwa shahada ya uzamivu katika ikolojia ya mimea, aliyoipata mwaka 2018. Wanasiasa wengi hudai wanajua mizizi ya matatizo. Huyu ana cheti cha mizizi. Raila Odinga yeye alisomea uhandisi Magdeburg, Ujerumani Mashariki ya wakati ule, akarudi kufundisha hapohapo Nairobi.

Lakini sikuiweka Nairobi hapa kwa ajili ya wawili hao. Niliiweka kwa ajili ya Wangari Maathai, ambaye mwaka 1971 alipata hapo shahada ya uzamivu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Somo lake lilikuwa anatomia ya wanyama. Mwaka 1989 chama tawala kilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 katikati ya Uhuru Park. Akaandika barua moja baada ya nyingine, akatukanwa bungeni, akaambiwa maneno ambayo mwanamume asingeambiwa, na jengo halikujengwa. Ukipita pale leo ukakuta watu wamelala kwenye nyasi mchana, wanalala juu ya hoja aliyoshinda mwana wa chuo hiki.

Na kuna la mwaka 1968. Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, Afrika iwekwe katikati ya masomo. Wasomi watatu wanaiambia idara ya chuo chao ijiondoe! Na idara ikabadilika kweli.

5. London School of Economics

Kilianzishwa mwaka 1895, na Ofisi ya Makoloni ingejua kitakachotoka humo ingewalipia ada wakasome ushonaji. Jomo Kenyatta alikaa kwenye semina za Bronisław Malinowski, akisomea anthropolojia. Wakati ule anthropolojia ilikuwa Mzungu anaandika juu ya Mwafrika. Kenyatta akaandika mwenyewe juu ya Wagĩkũyũ, kitabu kikatoka mwaka 1938, na Malinowski akakiandikia utangulizi. Kwenye picha ya jalada amejifunika ngozi na kushika mkuki, anaupima ncha kwa kidole. Mwalimu alimfundisha namna ya kuchunguza watu. Mwanafunzi akachunguza, kisha akaonyesha mkuki.

Nkrumah naye alijiandikisha London mwaka 1945, lakini Oktoba ya mwaka huo yeye na George Padmore walikuwa wanahangaika na Mkutano wa Tano wa Pan-Afrika, Manchester, na Kenyatta akiwemo. Tasnifu ikasubiri. Naona hadi leo inasubiri.

Mwai Kibaki alikuja miaka ya hamsini kusomea fedha za umma. Akafaulu kwa kiwango cha kufanya wengine waone aibu, kama alivyofanya alikotoka. Alikotoka ni wapi? Ngoja, tutafika.

4. Edinburgh, Uskoti

Mji mmoja, marais watatu, na wawili wao ukiwaweka pamoja huamini kama walinyeshewa na mvua ileile. Hastings Banda alikuja kusaka leseni ya udaktari, akaipata mwaka 1941, na alipofika alikuwa tayari ana shahada ya Chicago na udaktari wa Tennessee. Akawa mzee wa kanisa, akapenda suti ya vipande vitatu na kofia, na aliporudi kuitawala Malawi alihutubia wananchi wake kwa Kiingereza, mkalimani pembeni akigeuza Kichewa.

Julius Nyerere akafika mwaka 1949. Alisoma historia, uchumi na falsafa, akahitimu mwaka 1952. Akarudi akamchukua Shakespeare, mali ya Waingereza wenyewe, akamtia Kiswahilini mara mbili: Julius Caesar, na tena Mabepari wa Venisi. Hebu zungumza nami kuhusu ratiba. Mtu ni rais wa nchi changa, ana jeshi lililoasi Januari 1964, ana Muungano wa kuujenga, na jioni anatafuta namna ya kumfanya Antonio aseme Kiswahili chenye mizani. Wewe na mimi hata ripoti ya kazini tunaomba siku za nyongeza.

Yusuf Lule, aliyeshika Uganda kwa wiki chache baada ya Idi Amin kuondoka mwaka 1979, naye alisoma Edinburgh. Wote watatu walikula uji uleule wa shayiri. Banda akatangazwa rais wa maisha mwaka 1971. Nyerere akang'atuka mwaka 1985 kwa hiari yake. Uji hauna lawama.

3. Fort Hare, Afrika Kusini

Mji wa Alice ni mdogo hata ramani huutafuta. Chuo kilifunguliwa mwaka 1916, na waliopita hapo ni Nelson Mandela, Oliver Tambo, Robert Sobukwe, Govan Mbeki, Seretse Khama wa Botswana, Robert Mugabe, Lule yuleyule, na Charles Njonjo wa Kenya. Niambie kama kuna chuo kingine chenye daftari la mahudhurio la kutisha namna hiyo.

Mandela aliondoka kwa ugomvi ulioanzia kwenye chakula. Mwaka 1940 wanafunzi walilalamikia chakula na udogo wa madaraka ya baraza lao, wakasusia uchaguzi. Wachache wakapiga kura, Mandela akachaguliwa, akakataa kukalia kiti kisicho na ridhaa ya wenzake. Mkuu wa chuo akamwambia: kubali kiti, au usirudi. Hakukubali. Tambo naye alifukuzwa miaka miwili baadaye. Wazazi waliouza ng'ombe kulipa ada sitaki niwakute wakisoma hapa, lakini nasema wazi: kwa kukataa kile kiti, kijana yule alifaulu mtihani mgumu kuliko wowote uliowahi kutungwa pale.

Shahada yake ya kwanza aliimaliza kwa njia ya posta kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, mwaka 1943. Ya sheria ikamchukua hadi 1989, akiwa bado mfungwa. Wewe unayesema una "supu" mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia, na maisha yamekwisha, kaa kitako, kunywa maji, ujisajili upya.

2. Makerere, Kampala

Nazisikia kelele kutoka Wandegeya. Nafasi ya pili? Ndiyo. Shikamoo kwanza, tuongee.

Mwaka 1922 wanafunzi 14 walianza kujifunza useremala, ujenzi na umakanika juu ya kile kilima. Mwaka huohuo, Butiama, alizaliwa Nyerere. Wawili hao walikua pamoja, na mwaka 1943 wakakutana: kijana akaja kuchukua stashahada ya ualimu, na akiwa pale yeye na wenzake wakaunda chama cha wanafunzi wa Tanganyika. Alianza siasa kabla hajaanza kusahihisha madaftari.

Kisha orodha: Oginga Odinga, Milton Obote, Kabaka Mutesa wa Pili, na Benjamin Mkapa aliyemaliza Kiingereza mwaka 1962. Kibaki, yule tuliyemwacha London, alimaliza hapa mwaka 1955 kwa daraja la kwanza katika uchumi, akaondoka, akarudi kufundisha, halafu akaacha kazi ya chuo aende kujenga chama cha KANU. Juni 1962 wakakutana hapa waandishi wa Afrika, Chinua Achebe na Wole Soyinka wakiwemo, na mwanafunzi mmoja aitwaye Ngũgĩ akachukua mswada wake akamfuata Achebe ausome. Nampenda kijana yule. Wengi wetu tungeishia kuomba picha.

Na uhai wa kilima haumo darasani tu. Wa bweni la Lumumba na wa Mary Stuart wamefunga ndoa ya utani, wanajiita Lumbox, wana nyimbo zao, na makorongo wakubwa wa Kampala wamekaa juu ya miti wakiwatazama kama wasimamizi wa mtihani. Jengo kuu liliungua Septemba 2020, na siku ile watu waliosoma pale wakiwa Nairobi, Mwanza na Kigali walihuzunika kama waliounguliwa nyumba ya mzazi. Chuo kinacholiliwa na nchi nne si cha Waganda peke yao.

Sasa mbona cha pili? Kwa sababu kijana mmoja wa Ankole, mwaka 1967, alikuwa na Makerere mlangoni kwake, akaipita, akaenda kusoma kwingine. Anaitwa Yoweri Museveni. Mnamjua.

1. Mlimani, Dar es Salaam

Toa noti ya zamani ya shilingi 500, ile yenye Karume. Igeuze. Jengo lile lenye paa lililokunjwa kama jani la mgomba ni Ukumbi wa Nkrumah. Nchi iliuweka ukumbi wa wanafunzi kwenye hela ya kununulia nyanya na mkaa, na mimi naiheshimu nchi iliyofanya hivyo.

Chuo kilianza Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kwa kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 20, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kikahamia kilimani. Museveni alisoma hapo hadi 1970, akaongoza umoja wa wanafunzi wa kimapinduzi, na likizo akaenda kuyaona maeneo yaliyokombolewa Msumbiji. John Garang wa Sudan alipita. Jakaya Kikwete alimaliza uchumi mwaka 1975. John Magufuli alichukua hapo kemia na hisabati, hadi shahada ya uzamivu mwaka 2009 iliyohusu mafuta ya ganda la korosho kuzuia kutu. Mama anayebangua korosho Mtwara anayajua mafuta hayo kwa vidole vyake, maana yanaunguza ngozi. Maabara ya Mlimani ikayageuza kuwa kinga ya chuma. Wa Mzumbe msinune: Rais Samia ni wenu, na hakuna anayewanyang'anya.

Ila kilichonipa uamuzi ni tarehe 22 Oktoba 1966. Serikali iliamuru wahitimu waende Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Wanafunzi wakavaa majoho, wakaandamana hadi Ikulu, na bango moja likadai ukoloni ulikuwa nafuu. Nyerere akawasikiliza, kisha akawaka. Akasema mishahara ya wakubwa kweli ni mikubwa, akakata wake kwa asilimia 20 palepale, na papo hapo akawarudisha makwao zaidi ya mia tatu. Wengi walikubaliwa tena mwaka uliofuata. Mimi naona bango lile lilikuwa la aibu na adhabu ile ilikuwa kali, na bado sijui kisa kingine ambapo wanafunzi wamekwenda Ikulu kugombea mshahara wao, wakaondoka wamepunguza wa rais.

Nao hawakunyamaza. Walipochapisha jarida lao la Cheche, serikali ikalifungia mwaka 1970 pamoja na ule umoja wao wa kimapinduzi. Mwalimu wao Walter Rodney, Mguyana aliyefundisha historia hapo, ndiye aliyeandika kitabu cha jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, na kikachapwa Dar es Salaam mwaka 1972. Miaka miwili kabla ya hapo alipanda kwenda Kampala kujibizana na Ali Mazrui, mwana wa Mombasa aliyekuwa profesa Makerere. Mguyana wa Mlimani dhidi ya Mmombasa wa Makerere, ukumbi umejaa, kila mmoja na mashabiki wake, na hakuna aliyekubali kwamba ameshindwa. Mashabiki wa Mazrui bado wanadai mtu wao alimwelemea Rodney. Wadai tu, Mlimani inabaki ya kwanza.